TAFAKARI YA JUMA: SWALI TULILOLINYAMAZISHA





Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, tulifuatwa uani na mtunza hazina wa mojawapo ya jumuiya zetu. Hakuja kuungama wala kuomba Misa ya marehemu. Alikuja na swali la kompyuta. Ameandaliwa programu ndogo ya kutunza michango ya wanajumuiya, na programu hiyo huwatumia watu barua pepe kwa kupitia Outlook, ile programu ya barua iliyomo ndani ya kompyuta yake. Kila inapotaka kutuma, kidirisha hujitokeza mbele yake na kumuuliza kama anaruhusu barua itumwe kwa niaba yake. Amechoka kuulizwa. Kuna mtu amemwambia kwamba swali hilo laweza kuzimwa kabisa lisirudi tena. “Baba,” akatuuliza, “nikizime?”

Tulimwomba asubiri mpaka atakapoisoma tafakari ya juma hili. Pengine alidhani tunafanya mzaha. La hasha. Swali lile tunalifahamu vizuri, maana tuliwahi kulizima, na gharama yake ililipwa na mtu asiyekuwa na kosa lolote.

Kwanza tueleze swali lenyewe lilikotoka. Tarehe 26 Machi 1999 kilienea kirusi cha kompyuta kilichoitwa Melissa. Kilijificha ndani ya waraka wa kawaida wa Word, na mtu alipoufungua, kirusi kiliiamrisha Outlook ipeleke waraka ule kwa majina 50 ya kwanza katika kitabu chake cha anwani. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Mei 2000, kikatokea kingine huko Manila, Ufilipino, kikiwa kimevaa vazi la barua ya mapenzi. Kichwa chake kilisema ILOVEYOU, yaani nakupenda. Aliyekifungua kiambatisho chake hakukuta mapenzi yoyote; alikuta mafaili yake yameharibiwa, na barua ileile imekwenda kwa watu wote aliowahifadhi katika kitabu chake cha anwani. Mamilioni ya kompyuta duniani yaliambukizwa katika muda mfupi mno.

Angalieni ujanja wa jambo hili, wapendwa. Virusi vile havikuhitaji kuvunja mlango. Barua ilitoka kwa mtu unayemfahamu, kwa jina lake, kutoka katika kompyuta yake. Mpokeaji aliifungua kwa sababu alimwamini mtumaji, na mtumaji hakujua kama ametuma kitu. Kilichoibwa kilikuwa jina la mtu na imani ambayo jamaa zake waliliwekea jina hilo.

Ndiyo maana katikati ya mwaka 2000 watengenezaji wa Outlook waliweka mlinzi mlangoni. Tangu hapo, programu nyingine ikitaka kusoma anwani zako au kutuma barua kwa jina lako, Outlook husimama na kukuuliza wewe mwenyewe. Ikiwa ni kusoma anwani, waweza kutoa ruhusa ya dakika moja, au zaidi kidogo, lakini si zaidi ya dakika 10. Ikiwa ni kutuma, kitufe cha Ndiyo hakibonyezeki mpaka zipite sekunde 5. Kwa kila barua, sekunde 5. Mlinzi huyo hamjui jina anayeomba kupita. Husema tu kwamba kuna programu inaomba. Anayepaswa kujua ni mwenye nyumba. Ikiwa umeianzisha kazi hiyo wewe mwenyewe, wajua ni nani. Ikiwa hukuanzisha kitu, na swali limekuja lenyewe, basi jibu ni Hapana, kisha umwite fundi.

Kuanzia toleo la mwaka 2007, mlinzi alipunguziwa ukali. Outlook hutazama kwanza kama kompyuta ina programu ya kuzuia virusi inayofanya kazi na iliyo ya kisasa. Ikiipata, huziacha programu nyingine zipite bila kukusumbua. Isipoipata, maswali huanza. Kwa hiyo mtu aliyekaa mwaka mzima bila kuulizwa, kisha siku moja maswali yakaanza kumiminika, asikasirike haraka. Inawezekana anaambiwa habari ya kweli kuhusu nyumba yake, kwamba imebaki bila mlinzi.

Sasa tuwasimulie yaliyotupata.

Katika parokia tuliyotumikia kabla ya kutumwa kwenu, tulikuwa tunaezeka kanisa. Familia ziliandika ahadi zao, na ofisi ilikuwa na programu iliyotunza hesabu ile, familia kwa familia: ahadi, kilicholipwa na kilichobaki. Kila mwisho wa mwezi barua zipatazo 180 zilikwenda kwa barua pepe, nyingine kwa wahusika wenyewe, nyingine kwa watoto wao walioko mijini, maana wazazi wengi hawakuwa na barua pepe. Chini ya kila barua lilikuwepo jina letu na cheo chetu.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda kimya. Kisha leseni ya programu ya kuzuia virusi ikaisha muda wake. Fedha yote ilikuwa inakwenda kwenye mabati na mbao, nasi tukasema leseni isubiri. Mwezi uleule maswali yakaanza. Barua 180 kwa sekunde 5 kila moja ni robo saa nzima ya kungoja tu, mbali na kubonyeza kwenyewe. Katibu wetu, mama mtulivu na mwaminifu, alikuwa akikaa pale na kipanya mkononi, akingoja, akibonyeza, akingoja tena.

Hata hivyo, katika kungoja kule alikuwa na kawaida moja ambayo hatukuithamini. Alikuwa na orodha iliyochapwa, na kila sekunde 5 alilitazama jina linalofuata. Katika miezi ile miwili alikamata makosa mawili. Mara moja alisimamisha barua iliyokuwa inakwenda kumdai mzee tuliyekuwa tumemzika wiki mbili kabla. Mara nyingine aliona anwani ya mtoto wa familia moja imewekwa kwa familia nyingine. Alituambia, tukamshukuru, tukasahau.

Lakini siku moja barua zilichelewa, na sisi tulikuwa na haraka ya kikao cha kamati ya ujenzi. Kijana mmoja wa kwaya, fundi mzuri wa kompyuta, akatuambia kwamba kuna programu ndogo inayoweza kukaa pale na kubonyeza Ndiyo yenyewe kila swali linapotokea. Katibu akasita. Akasema, “Baba, sasa nani atakuwa anatazama?” Tukamjibu kwamba orodha ni ileile ya kila mwezi, hakuna cha kutazama. Tukamwambia kijana aiweke. Ni sisi tuliosema, si yeye.

Kwa miezi mitatu tulifurahia amani. Mwezi wa nne, mhasibu aliyepangiwa kumsaidia katibu aliyapanga upya majina kwa mpangilio wa alfabeti. Majina na anwani vikahama, lakini safu ya madeni ikabaki mahali pake. Kila familia ikapewa deni la familia nyingine. Barua zikaanza kutoka, na katibu akaondoka mezani kumkaribisha mgeni, kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kukaa. Aliporudi, zote zilikuwa zimekwenda.

Siku tatu baadaye alikuja ofisini mama mmoja mjane. Aliishi kwa kuuza maandazi na uji karibu na stendi. Baada ya salamu alikaa, akafungua fundo la kanga yake, akatoa stakabadhi zake zote, zimekunjwa vizuri, nyingine zimefifia kwa jasho. Akaziweka mezani moja moja. Kisha akatoa karatasi. Ilikuwa barua yetu. Mwanawe, afanyaye kazi mjini, alikuwa ameichapa na kumpelekea kwa dereva wa basi. Ilisema kwamba mama huyo alikuwa bado anadaiwa shilingi laki nne.

“Baba,” akasema, “nihesabie.”

Tukahesabu. Alikuwa amemaliza ahadi yake yote, tena amezidisha elfu mbili.

Kisha akatueleza lililomleta. Mwanawe ndiye aliyekuwa akimtumia sehemu ya fedha ile kila mwezi, kwa ajili ya kanisa. Alipoisoma barua, aliamini kwamba mama yake amekuwa akimdanganya na kuzitumia. Hakumgombeza. Alinyamaza, na tangu barua ile hakupiga simu. Mama alisema kwamba angeweza kuvumilia kudaiwa, lakini hakuweza kuvumilia kimya kile.

Akaweka kidole chini ya barua. “Baba, jina hili ni lako?”

Tukajibu kwamba ni letu.

“Uliisoma kabla hujaituma?”

Wapendwa, tumesimama mimbarini mara nyingi, na tumefanya mitihani mingi seminarini mbele ya mapadre wenye ndevu nyeupe, lakini hatukumbuki swali lililotufanya tuinamishe uso kama lile. Tulijibu kwamba hatukuisoma. Hakusema neno. Alianza kuzikunja stakabadhi zake.

Jioni ile tulimpigia simu mwanawe. Tulimwambia kwamba mama yake ni mkweli, na kwamba sisi tuliandika uongo tukaweka jina letu chini yake. Kijana alikaa kimya kwa muda, kisha tukamsikia analia. Jumapili tuliomba radhi hadharani katika Misa zote, na juma lile tuliandika upya barua zote 180, tukazitia sahihi kwa mkono. Wengi walicheka yakaisha. Lakini twajua kwamba kwa siku tatu mama mmoja mwadilifu alikuwa mwizi mbele ya mwanawe, na mshitaki wake alikuwa paroko wake.

Tumelitafakari jambo hili kwa miaka kadhaa, na tumeona kwamba tulikuwa na makosa mawili, si moja. La kwanza, nyumba yetu ilikuwa bila mlinzi. Swali lilipokuja kutuambia hivyo, tulimziba mdomo aliyetuambia badala ya kuuziba ufa. Hilo lingeweza kutuletea kirusi, na kwa rehema ya Mungu halikutuletea. La pili ndilo lililomuumiza yule mama. Hata kama tungelipia leseni siku ileile na maswali yakakoma kwa njia ya halali, bado barua zingetoka bila kusomwa. Mlinzi wa mlangoni hutazama kama anayepita ni mwizi. Hatazami kama mzigo aliobeba ni wa kweli. Kazi hiyo ni ya mwenye jina. Zile sekunde 5 hazikuwekwa kwa ajili yake, lakini katibu wetu aliitendea kazi hiyo ndani yake, nasi tukamnyang'anya nafasi.

Mama Kanisa ana hekima ya kale juu ya neno Ndiyo. Katika Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 1057 hufundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wanaooana, na kwamba ridhaa hiyo haiwezi kuwekwa na mamlaka yoyote ya kibinadamu badala yao. Baba wa binti hawezi kuitoa kwa niaba yake, wala askofu hawezi. Sisi mapadre twajua tunavyosimama pale altareni tukingoja sauti ya bibi arusi anayetetemeka. Kanisa zima hungoja. Hakuna anayemsaidia kusema.

Hata hivyo Kanisa hilohilo hukubali kwamba mtu aliye mbali aweza kufunga ndoa kwa njia ya mjumbe. Lakini tazameni masharti ya kanuni ya 1105. Ruhusa iwe maalumu, na itaje mtu fulani atakayeolewa naye. Iandikwe, itiwe sahihi na mtoaji mwenyewe mbele ya mashahidi au mwenye mamlaka. Mjumbe huyo aitekeleze yeye mwenyewe, asimpe mwingine. Na mtoaji akibadili nia kabla mjumbe hajasema Ndiyo, ndoa si halali, hata kama mjumbe hakuwa na habari. Kwa hiyo Kanisa halikatazi kumtuma mwingine. Linakataza ruhusa isiyo na jina, isiyo na mpaka, na isiyoweza kurudishwa. Ruhusa tuliyoipa ile programu ndogo ilikuwa ya namna hiyo: Ndiyo kwa yeyote atakayebisha hodi, saa yoyote, mpaka mwisho wa dunia.

Mtakatifu Bernardo, abate wa Clairvaux katika karne ya 12, ana mahubiri mashuhuri juu ya kupashwa habari Bikira Maria. Humo anamwonyesha malaika akingoja jibu, na pamoja naye Adamu, Abrahamu, Daudi na mababu wote, na ulimwengu mzima uliopiga magoti. Mungu aliyeumba mbingu bila kumwuliza mtu alimwuliza binti wa Nazareti. Naye Mama yetu hakujibu kabla ya kufahamu. Aliuliza kwanza jambo hilo litakuwaje. Swali lake halikuwa shaka. Lilikuwa heshima kwa neno alilotaka kulisema. Ndipo akalisema, na hakulirudisha hata chini ya Msalaba.

Tunapozirudia ahadi za Ubatizo usiku wa Pasaka, padre huuliza maswali kila mwaka, yaleyale. Kuna wanaoona ni kupoteza muda, maana jibu linajulikana. Lakini jibu linalojulikana si sawa na jibu lililotolewa. Tujichunguze. Ni mara ngapi tumeziweka dhamiri zetu katika hali ya kujibonyeza zenyewe? Mume hujibu “sawa” kabla mkewe hajamaliza kusema. Mjumbe wa halmashauri hutia sahihi muhtasari asiousoma. Msimamizi wa Ubatizo husimama na mtoto ambaye hatamwona tena. Hata sisi makasisi, twaweza kuitikia Amina ya sala tusiyokuwemo.

Sasa tumjibu mtunza hazina wetu, na wengine wenye shida kama yake, kwa mambo ya kutendeka.

Kwanza, ndugu yetu, tazama kama programu yako ya kuzuia virusi ni hai na ya kisasa. Mara nyingi ukiirekebisha hiyo, maswali hukoma yenyewe, kwa haki. Outlook ya zamani ina mahali katika mipangilio yake ya usalama panapoonyesha hali hiyo, na pana machaguo matatu: ikuulize pale tu ulinzi unapokosekana, ikuulize daima, au isikuulize kamwe. Acha chaguo la kwanza, ndilo linalopendekezwa. Hilo la tatu usiliguse. Na ile programu ya kubonyeza kwa niaba yako usiikaribishe, maana itamfungulia mwizi kwa adabu ileile inayomfungulia mgeni.

Pili, mwombe aliyekutengenezea programu aibadilishe kidogo, ili isitume yenyewe. Iandike barua, iifungue mbele yako, nawe uisome na kuituma kwa mkono wako. Ukifanya hivyo, swali la kutuma halitokei, kwa kuwa mtumaji ni wewe. Ndivyo tunavyofanya hapa parokiani hadi leo. Barua za kukumbusha ahadi huchukua asubihi moja.

Tatu, ukijaliwa kuhamia ile Outlook mpya, ujue kwamba yenyewe haikubali kuendeshwa na programu nyingine kwa njia ile ya zamani. Usiahidi jumuiya kabla hujamwuliza fundi.

Na ikiwa ni lazima barua nyingi ziende kwa pamoja, basi mtu mmoja azisome kumi za mwanzo na orodha iliyochapwa mkononi, kama alivyofanya yule katibu wetu ambaye hatukumsikiliza. Tulimwomba radhi yeye pia. Alituambia, “Baba, mimi nilikuwa napenda zile sekunde tano. Nilikuwa namwombea kila mtu jina lake likipita.” Hatukuwa tumejua hilo.

Yule mama mjane alifariki miaka michache baadaye, na mwanawe ndiye aliyetupigia simu kutujulisha. Mwombeeni. Nasi tuombeeni, ili jina letu lisiwekwe tena chini ya neno tusilolisoma.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Wenu katika Kristo,
Paroko